Shahawa nyepesi haimaanishi huwezi kuzaa

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu kila mara, eti shahawa zikiwa nyepesi mwanaume hawezi kutungisha mimba, siyo kweli jamani. Mbegu zenyewe ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya yale majimaji, mengine yote yanatoka kwenye tezi, ndo maana hata aliyefunga uzazi shahawa zake zinaonekana zilezile. Na shahawa kuwa majimaji ndani ya dakika 15 hadi 30 baada ya kumwaga ni kawaida kabisa, kuna kimeng'enya cha tezi dume kinakata protini zilizoshikana ili mbegu ziogelee. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu jicho linaona majimaji, mbegu halizioni. Unataka uhakika? Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, nenda maabara wazihesabu kwa hadubini na waangalie zinavyotembea. Meseji hiyo msiifowadi tena, inawatia watu hofu bure.