Mshale wa Sifuri Unaweza Kuwa Betri

Ukifungua kipima mionzi cha mkononi cha aina ya Geiger, utakuta vitu vichache: betri, bodi moja au mbili za saketi, spika ndogo na waya mnene unaokwenda kwenye tyubu, yaani bomba dogo la gesi linalohisi mionzi. Ajabu iko kwenye volti. Betri mbili za tochi hutoa volti 3, ilhali tyubu nyingi haziamki mpaka zipate volti 400 hadi 900.

Pengo hilo huzibwa na ugavi wa volti kubwa. Transista hukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ndogo huupandisha, diodi na kapasita huunyoosha, kisha kidhibiti huushikilia pale pale hata betri zikianza kuchoka. Mionzi ikigusa gesi ndani ya tyubu, umeme hupita mara moja, na sehemu nyingine ya bodi huhesabu mshtuko huo. Ndio ule mlio wa "tik".

Mkondo wa ugavi huu ni wa mikroampea (sehemu za milioni za ampea) tu, na hapo ndipo mafundi wazuri wa redio hupotea. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaohmu 10 hivi. Ukiigusisha hapo, yenyewe huivuta volti chini. Fundi anaona volti ndogo, anazungusha skrubu kuipandisha, na tyubu inaharibika kwa kosa lisilokuwa lake. Kipimo cha haki hutaka probu (ncha ya kupimia) ya gigaohmu 1, yaani megaohmu 1,000, au zaidi.

Adui mwingine ni hewa ya pwani. Chumvi, unyevu na hata alama ya kidole kwenye bodi hufungua njia ya umeme kuvuja, na kwa mkondo mdogo kiasi hicho uvujaji mdogo tu unatosha kuangusha volti. Betri zilizosahaulika ndani hadi zikatoa maji ni maafa zaidi: hula shaba ya bodi na lehemu zake.

Volti ikianguka, mshale hulala sifuri, na anayeutazama husema pako salama. Kuna sifuri mbaya kuliko hiyo. Kwenye mionzi mikali mno tyubu hukosa nafasi ya kupumua kati ya mshtuko na mshtuko, ugavi hulemewa, na vifaa vingine, hasa vya zamani, hurudisha mshale chini badala ya kuupandisha. Vilivyosanifiwa vizuri vina saketi ya kuushikilia mwisho wa kipimo.

Kinyume chake kilitokea Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Mwanafizikia aliazima kipima mionzi cha watafiti wa madini. Mshale ukagonga mwisho kila alikokielekeza. Akaamini ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Nacho kikasema yale yale. Sesiamu-137, kitu chenye mionzi mikali, kutoka mashine ya tiba iliyotelekezwa ilikuwa imesambaa mjini, na watu wanne walikufa.

Kwa hiyo washa kifaa ungali mbali na chanzo, jaribu betri, kisha kielekeze kwenye chanzo kidogo cha majaribio na ulinganishe usomaji na ule uliorekodiwa siku ya ugezi, yaani siku kifaa kilipolinganishwa na kipimo cha uhakika. Vikitofautiana sana, kipeleke maabara. Usikifungue mwenyewe: kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti muda baada ya swichi kuzimwa.