Nyumba ya marehemu bibi, baridi ya mwezi wa sita na jiko la mkaa chumbani

Likizo ya mwezi wa sita ndo hiyo, shule zinafunga na familia nyingi zitapanda basi Dar, Moro na Dodoma kwenda Njombe na Makete, na wengi watafikia kwenye nyumba ambayo mwenyewe, bibi au babu, alishatangulia, inakaa na kufuli mwaka mzima na ufunguo uko kwa jirani. Sisi pia tunaenda. Bibi yangu tulimzika Makete, nyumba yake ipo, na kwa vile kazi yangu ni majengo, hasa kukagua nyumba zenye unyevu na nyufa, kuna jambo kuhusu hizi nyumba linaninyima usingizi kila msimu huu ukifika. Nyumba za wazee wetu zilikuwa kavu na salama kwa sababu ya vitu viwili, moto na matundu. Baada ya msiba sisi tukaviondoa vyote viwili, afu tunaingia na watoto, tunawasha mkaa ndani na kufunga mlango.

Kwanza tukubaliane baridi ya kule siyo ya kuvaa sweta tu. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita hivi, na uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo mtu aliyetoka Dar asubuhi akashuka Makete usiku ameacha nyuzi zaidi ya kumi njiani. Juni mpaka Agosti anga likiwa jeupe usiku na upepo umetulia, ardhi inapoteza joto haraka, ile hewa ya baridi ni nzito inateremka na kujikusanya bondeni, ndo maana asubuhi unakuta majani ya viazi kule chini yameungua na barafu wakati huku kwenye mteremko ni umande tu.

Wazee walilijua hilo bila kipimajoto. Nyumba ya bibi iko mteremkoni, siyo bondeni kwenye tambarare ambako kujenga kungekuwa rahisi. Baraza lake linatazama kaskazini, na hili watu wengi hawalifikirii: sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwahiyo baraza la kaskazini linapata jua msimu ule ule unaolihitaji, na ukuta unakula joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Upande wa kusini mashariki, unakotoka upepo wa kusi, hakuna dirisha kubwa na kuna mstari wa miti ya miwati inayovunja upepo. Ukimpa msanifu wa leo kiwanja kile, akijua kazi yake atakuchorea hivyo hivyo.

Ndani sasa. Jiko la mafiga lilikuwa chumba cha nyuma, moto uliwaka asubuhi na jioni kila siku, mahindi ya mbegu yananing'inia juu yake, na moshi ulitokea kwenye upenyo ulioachwa kati ya ukuta na bati, upenuni, kuzunguka nyumba nzima. Ule upenyo wengi wetu tulikua tukidhani fundi hakumalizia kazi. Hapana, ndo ulikuwa unatoa moshi, mvuke wa uji na pumzi za watu wote waliolala mle ndani. Na moto wenyewe ulikuwa unakausha mbao. Nenda kaangalie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, za jiko la bibi yako: zile zetu ni nyeusi zinang'aa, ngumu mpaka msumari unapinda, hakuna mdudu aliyezigusa. Ukivuka kuja sebuleni, kwenye papi, mbao nyembamba za kupigilia bati, zilizowekwa baada ya yeye kuondoka, ukigonga unadondoka ule unga wa njano wa bungua, mdudu anayetoboa mbao.

Sisemi turudishe moshi. Bibi alikohoa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, kuni na mkaa vikiwemo. Ninachosema ni kwamba mfumo ule ulikuwa na kazi, na ukitoa sehemu moja lazima uweke kitu kingine kinachofanya kazi ile ile.

Sisi hatukuweka. Baada ya arobaini familia ilichanga hela, na ilikuwa ni kwa upendo kabisa, watu walitaka nyumba ya mama yao ipendeze. Madirisha ya mbao yakatolewa yakaja ya aluminiamu yanayofunga kabisa, upenu ukazibwa kwa saruji na fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, dari la jipsamu, vigae, na lipu ya saruji nje na ndani juu ya ukuta uliojengwa kwa tofali za kuchoma na udongo. Inapendeza kweli kwenye picha.

Sasa fikiria watu kumi wamelala mle usiku wa Julai. Kila mmoja anatoa kama robo lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho mpaka asubuhi, ongeza chai, ongeza nguo zilizoanikwa ndani sababu nje hazikauki. Ule mvuke hauna pa kutokea. Bati usiku linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje kwa sababu linatoa joto lake moja kwa moja angani, kwahiyo mvuke unaopenya juu ya dari unageuka matone, unadondokea jipsamu, na unaona zile duara za kahawia mnasema bati linavuja wakati mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, unaota ukungu mweusi. Na chini, msingi ni wa mawe bila nailoni ya kuzuia maji, unyevu unapanda ukutani kama ulivyokuwa unapanda siku zote, ila zamani ulitoka wenyewe kupitia udongo na kukauka, leo umekutana na saruji. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa goti kwenda chini, ukisikia mlio wa uwazi ujue lipu imeshaachia na nyuma yake udongo umelowa.

Hayo yote ni hasara ya hela tu. Linalonitisha ni mkaa.

Nyumba imefungwa miezi, kuta ni za baridi kama kaburi, watoto wanatetemeka, mtu mwenye nia njema kabisa anaingiza jiko la mkaa chumbani. Moshi haupo, kwahiyo wote wanaona ni salama kuliko kuni. Mkaa unapoungua kwenye hewa kidogo unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, afu usingizi, na aliyelala hapati hata hizo dalili za kumwamsha. Kwenye jiko la bibi gesi hii hii ilikuwepo ila ilitoka upenuni pamoja na moshi. Kwenye chumba cha aluminiamu na jipsamu inabaki na nyie.

Nimeshasikia kila aina ya imani. Kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu wote hauna neno: una neno, na ukiufunika majivu ili ukae mpaka asubuhi unazidisha. Kwamba sufuria la maji pembeni linanyonya sumu: halinyonyi, gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia. Kwamba inakaa chini kwahiyo wa kitandani yuko salama: uzito wake unakaribiana na wa hewa, inachanganyika chumba kizima. Mkiamka wawili watatu kichwa kinauma kwa pamoja msiseme ni ulanzi wa jana wala ugeni wa milima, na tafadhali sana msianze kutafuta mchawi, toeni watu wote nje saa hiyo hiyo na muende hospitali hata kama mnajisikia nafuu, kwa sababu kwa hewa ya kawaida inachukua saa nne mpaka tano gesi iliyoko kwenye damu kupungua nusu, na kwa oksijeni ya hospitali inakuwa haraka zaidi. Jenereta la msibani au la sherehe ni hivyo hivyo, lisikae barazani karibu na dirisha.

Ukifika, usipange kulala kwenye chumba chenye unyevu usiku wa kwanza kama una namna nyingine. Fungua milango na madirisha kuanzia saa nne jua likishakausha umande mpaka kama saa kumi, toa magodoro yote juani, vuta makabati yaache nafasi ya kiganja na ukuta. Kama mnataka kupasha chumba kwa jiko, kipasheni mlango na dirisha vikiwa wazi, afu jiko litoke nje kabisa kabla mtu wa kwanza hajalala. Kulala na joto ni kazi ya blanketi, soksi, watoto kulala pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Kwa fundi, mwambie mambo matatu na usikubali akubadilishie. Kila chumba kipate tofali za matundu, moja juu karibu na dari na nyingine chini ukuta wa pili, na upenu ufunguliwe tena ili juu ya dari papumue. Lipu ya saruji iliyoachia ibanduliwe mpaka kwenye tofali, ukuta ukauke hata wiki kadhaa, ndo irudishwe lipu ya chokaa. Na mtaro uchimbwe kuzunguka nyumba maji ya bati yasitue kwenye msingi.

Kwetu mwaka huu tunaanza na upenu. Shangazi amekubali kwa sharti kwamba panya wasipate njia ya kuingia, na ana haki, wanatafuna nyaya na nimezikuta zimekaa wazi juu ya dari, kwahiyo kila tundu litawekwa wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo, siyo ule wa nailoni wa mbu ambao panya anaumaliza usiku mmoja.