Mwani wa Paje hauoteshi nywele za mapanja

Juzi dada mmoja aliniwekea mezani chupa ya mafuta ya mwani. "Dokta, nimepaka miezi minne." Si wa kwanza, wala wa kumi. Nikapitisha lenzi kwenye mapanja: ngozi inang'aa, matundu ya nywele yameziba, ukingoni vimebaki vinywele vyembamba vilivyoponyoka rasta. Hiyo ni kazi ya kusukwa kwa kukazwa, miaka na miaka. Aliyemwuzia alimwambia mwani wote ni mmoja.

Si mmoja. Mwaka 2012 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya Ecklonia cava, mwani wa kahawia wa kisiwa cha Jeju. Una kemikali ziitwazo florotanini, na mojawapo, diekoli, ilizuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayodhoofisha nywele, kile kile kinachozuiwa na finasteride, dawa ya upara. Panya walionyolewa mgongo wakaota manyoya mapema. Wazo lina mashiko, nami nalipenda.

Ila kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanafunga kambani spinosum, na cottonii pale maji yasipopata joto mno. Yote ni miani myekundu, na florotanini ni mali ya mwani wa kahawia. Huu wetu tunaulimia karajinani, ule ute unaoshika maji. Nywele zikishika maji hazikatiki ovyo, urefu unabaki, mtu anasema zimeota. Kutokatika na kuota ni vitu viwili! Nalisema hili kila wiki. Siufungii mlango mwani mwekundu: Grateloupia elliptica, wa huko huko Jeju, nao ulionyesha dalili njema maabara. Lakini huo si spinosum.

Na panya wenyewe wananitia shaka. Manyoya ya mgongo wao hulala na kuamka kwa pamoja, kwa hiyo dawa ikiyaamsha siku chache mapema, picha inapendeza mno. Kichwani mwetu kila unywele una zamu yake. Tena molekuli ya diekoli ina uzito wa daltoni 742 hivi, na kinachozidi 500 hupenya ngozi kwa shida.

Dada nilimwambia afumue rasta, ukingo usiguswe, na apake minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, pale penye vinywele. Panapong'aa nilimweleza kwamba hapataota tena. Alinyamaza kidogo, akauliza chupa aitupe. Nikamwambia apake kwenye ncha, zisikatike.