Fungu la Migebuka na Ngazi Mbili za Namba

Anayenunua samaki katika mwalo wa Kibirizi anajua kuwa fungu halina ukubwa wa kudumu. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa taa hupumzika, samaki wanaadimika na fungu linapungua. Giza likirudi, fungu linanenepa tena. Nafundisha hisabati hapa Kigoma, na mwaka huu nimelitumia fungu hilo kueleza jambo ambalo wanafunzi wangu walidhani ni la maprofesa peke yao: ngazi ya fanksheni zinazokua polepole, moja ya mada za tawi la hisabati liitwalo mantiki.

Mchukulie mama muuza migebuka. Leo kipimo chake ni 3: fungu lina samaki 3, na tenga lina mafungu 3, yaani samaki 9. Mezani ana matenga 2, mafungu 2 na samaki 2 wa rejareja. Jumla 26. Kesho kipimo kinapanda kuwa 4, kila fungu linakuwa la samaki 4 na kila tenga la mafungu 4, kisha anauza samaki mmoja tu. Amebaki na matenga 2, mafungu 2 na samaki 1, jumla 41. Keshokutwa kipimo ni 5, anauza mmoja, wa rejareja wamekwisha, lakini jumla ni 60. Siku ya kipimo 6 inabidi afungue fungu moja ili apate wa kuuza. Wanabaki 5 wa rejareja, na jumla ni 83. Inayofuata ni 109.

Nilipofika hapo ubaoni, binti mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mama atatajirika tu. Anauza mmoja, anaongezewa makumi." Darasa zima likamuunga mkono. Nikawaambia samaki hao watakwisha wote, hadi wa mwisho. Hawakukubali, na sikuwalaumu, kwa sababu kila namba iliyokuwa ubaoni ilikuwa upande wao.

Ngazi ya polepole ndiyo inayoamua ubishi huo. Kila kidato chake ni fanksheni: unakipa namba n, kinakurudishia jibu. Kidato cha 0 hujibu 0 siku zote, na ukipanda kidato kimoja jibu linaongezeka 1, basi. Kidato cha 7 hujibu 7, cha 1,000 hujibu 1,000, n iwe yoyote ile. Mpaka hapo hakuna la maana. Lakini Georg Cantor, katika karne ya 19, alionyesha kuwa juu ya vidato vyote vya kawaida tunaweza kuweka kingine, tunakiita omega. Hiki hakina jirani wa chini, maana hakuna namba ya mwisho ambayo ukiiongezea 1 utafika. Kanuni yake ni hii: ukisimama kwenye omega, tazama n uliyopewa, teremka mpaka kidato cha n, usome jibu la huko. Kwa hiyo omega hujibu n yenyewe. Ukiendelea kupanda, omega mara 2 hujibu 2n, na omega kipeo cha 2 hujibu n mara n.

Sasa itazame tena meza ya mama. Fungu ni omega, tenga ni omega kipeo cha 2, kipimo cha siku ndiyo n. Idadi ya samaki ni jibu la ngazi ya polepole, lakini kidato alichosimama kinashuka kila siku: matenga 2, mafungu 2 na samaki 2; kisha 2, 2 na 1; kisha 2, 2 na 0; kisha 2, 1 na 5. Hesabu ya samaki inapanda huku yeye akiteremka ngazi. Na kwenye ngazi ya Cantor hakuna awezaye kuteremka bila kufika chini, hata akianzia juu kiasi gani. Mimi nilipoielewa hoja hii mara ya kwanza nililala nikiiwaza, na bado naiona ni kati ya hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Baada ya siku mbili yule binti alikuja na daftari. Alikuwa amefuatilia hesabu mpaka kipimo 24, siku ambayo tenga la kwanza linafunguliwa na samaki wamefika 1,151. Chini yake alikuwa ameandika 6, 12, 24 na kuzizungushia duara: vipimo vya siku ambazo rejareja wamekwisha na lazima kitu kifunguliwe. Kila fungu moja likiisha, namba hiyo inakuwa maradufu.

Alikuwa ameigusa ngazi ya pili, ile ya haraka. Kidato chake cha 0 huongeza 1. Kila kidato kinachofuata hurudia kazi ya kilichotangulia mara n. Cha 1 hujibu 2n. Cha 2 huzidisha kwa 2 mara n mfululizo, kwa hiyo ukikipa 3 kinajibu 24. Ukikipa 24 kinajibu 402,653,184, na hicho ndicho kipimo cha siku mama anapofungua tenga lake la pili, baada ya zaidi ya miaka milioni moja. Siku samaki wa mwisho anapouzwa, kipimo ni pungufu kwa 1 tu ya jibu la kidato cha 3 kwa namba 3. Jibu hilo ni 3 mara 2 kipeo cha 402,653,211, namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 121. Kwa hiyo ngazi ya polepole inahesabu samaki, ya haraka inahesabu siku.

Mfuatano huu ni wa Reuben Goodstein, aliyeuchapisha mwaka 1944. Unaanza na 4, yaani 2 kipeo cha 2; kila 2 inageuzwa kuwa 3, unapata 27, unatoa 1, ndiyo ile 26 ya mama. Goodstein alithibitisha kuwa ukianza na namba yoyote utafika sifuri. Mwaka 1982 Laurence Kirby na Jeff Paris wakaonyesha kuwa ukweli huo hauthibitishiki kwa kanuni za hesabu za Peano, yaani kanuni za msingi za namba za kawaida, peke yake. Idadi ya siku, kadiri unavyoanza na namba kubwa zaidi, hukua kwa kasi inayoshinda kila fanksheni ambayo kanuni hizo zinaweza kuidhamini. Kasi hiyo ni ya kidato cha epsilon sifuri kwenye ngazi ya haraka, kile kinachokaa juu ya omega, omega kipeo cha omega, na minara yote ya namna hiyo. Kwenye ngazi ya polepole, kidato hichohicho hujibu mnara wa vipeo tu, n juu ya n juu ya n, ghorofa n. Mnara wa namna hiyo ngazi ya haraka imeshaufikia karibu na kidato cha 3.

Wanafunzi huniuliza kama ya polepole huachwa nyuma daima. Jean-Yves Girard alijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980: hapana, huikuta ya haraka, ila mbali sana. Hata kwenye kidato kinachoitwa kwa majina ya wanahisabati Bachmann na Howard, ya polepole ndiyo kwanza inafikia kasi ambayo ya haraka ilikuwa nayo kwenye epsilon sifuri; inaikuta juu zaidi ya hapo. Baadaye Andreas Weiermann akaonyesha jambo ambalo hata wataalamu hawakulitegemea: ukibadilisha kidogo tu kanuni ya kuteremka kwenye vidato visivyo na jirani wa chini, kama omega, ngazi ya polepole inageuka kuwa ya haraka mapema mno.