Sensitaizesheni ya mwendo: nikotini inapomlaza panya, kisha inamkimbiza

Mchumaji wa tumbaku wa Urambo au Sikonge akishika majani mabichi yenye umande, nikotini humpenya ngozini, na asiyezoea hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Panya wa maabara naye huanza vibaya. Mdunge chini ya ngozi miligramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wake: siku ya kwanza atayumba na kujilaza. Rudia dozi ileile kila siku, na baada ya siku kadhaa atazunguka kizimbani zaidi kuliko mwenzake aliyedungwa maji ya chumvi. Mwitikio kukua ilhali dozi ni ileile ndiyo sensitaizesheni.

Watu husema panya “amezoea”. Hiyo ni nusu ya habari. Alichozoea ni kuyumba; mbio zenyewe zinazidi. Mambo hayo mawili hutokea kwa mpigo, ndiyo maana jaribio la siku moja hupotosha.

Mbio hizo zinatoka kwenye niuroni (seli za neva) za ubongo wa kati zinazotoa dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli. Nikotini hushika vipokezi vilivyo juu ya niuroni hizo, vya kemikali nyingine ya ujumbe iitwayo asetilikolini, hasa vyenye kijenzi cha beta-2, na niuroni hufyatua mawimbi ya umeme kwa mfululizo, dopamini ikimwagika kwenye striatamu, sehemu ya ubongo inayohusika na mwendo. Vipanya walioondolewa jeni ya beta-2 hawapandishi dopamini hiyo wakipewa nikotini. Kokeini hupitia mlango mwingine: huziba kisafirishi kinachorudisha dopamini ndani ya niuroni. Amfetamini hukigeuza kiitoe nje. Dozi kubwa ya amfetamini, ajabu, hupunguza kutembea: mnyama husimama pale pale akinusa, akilamba na kutafuna. Kwa hiyo usitegemee kihesabio cha miale (kifaa kinachohesabu kila mnyama anapokata mwale wa mwanga) peke yake, maana kichwa kinachotikisika hukata mwale uleule mara nyingi na kusomeka kama safari. Tazama pia video ya mnyama.

Kosa la kawaida liko kwenye mizani. Nikotini tartrati, yaani nikotini iliyo katika umbo la chumvi, ina nikotini halisi kama theluthi moja tu, hivyo ukipima miligramu 0.4 za chumvi hiyo kwa kila kilo umempa panya theluthi ya dozi. Myeyusho wake pia ni asidi na huuma. Urekebishe kwa sodiamu haidroksaidi hadi pH 7 hivi. Kabla ya sindano, mwache panya kizimbani nusu saa, la sivyo utahesabu udadisi wake wa mahali pageni ukidhani ni dawa.