Android na iOS: Wanaogombewa ni Wanunuzi wa Simu, si Watengenezaji wa Programu

Vijana wengi wanaomaliza kozi ya uandishi wa programu hutuuliza swali lilelile: nianze na Android au iPhone, ambayo mfumo wake ni iOS? Kabla ya kuchagua, ni vizuri kujua nani atakuwekea masharti, na ukiyakataa utakwenda wapi.

App Store ya Apple, duka la programu za iPhone, ilifunguliwa Julai 2008, na duka la Google la programu za Android, ambalo leo ni Google Play, likafuata Oktoba mwaka huohuo. Tangu hapo kampuni hizi mbili zinashindana kwelikweli kwa kamera, bei na usalama. Lakini anayegombewa ni mnunuzi wa simu. Akishanunua iPhone, sehemu kubwa ya dunia huwezi kumfikishia programu yako bila kupitia App Store. Android inaruhusu kusakinisha faili la APK kutoka nje ya duka, ila maonyo yanayojitokeza kwenye skrini huwafanya wengi waghairi.

Ushahidi kwamba mtengenezaji hagombewi uko kwenye kamisheni, yaani sehemu ya mauzo ambayo duka hukata. Kwa zaidi ya miaka kumi maduka yote mawili yalitoza asilimia 30. Ukiuza masomo ya kidijitali kwa shilingi 10,000, shilingi 3,000 zilikuwa zinabaki dukani. Agosti 2020 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, iliyashtaki yote mawili. Novemba mwaka huo Apple ikatangaza asilimia 15 kwa wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka, na Google ikaanza kutoza kiwango hicho kwa dola milioni 1 ya kwanza Julai 2021. Kwa maoni yangu, kilichowasukuma ni mahakama na wadhibiti kuliko soko. Hata maduka mbadala kwenye iPhone barani Ulaya yalikuja mwaka 2024 kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ililazimisha. Sheria hiyo haimlindi mtengenezaji wa Mwanza anayewauzia wateja wa nyumbani.

Jambo moja halielezwi vya kutosha: kamisheni hiyo inahusu bidhaa za kidijitali. Ukiuza usafiri, chakula au vifaa vya ujenzi, unaruhusiwa kupokea malipo kwa M-Pesa au Airtel Money bila duka kukata chochote. Nimeona wafanyabiashara wakipandisha bei bure kwa kudhani kila shilingi inayopita kwenye programu inakatwa.

Je, mfumo wa tatu ungesaidia? Microsoft ilijaribu kwa Windows Phone, tena kwa kushirikiana na Nokia kuanzia 2011. Watengenezaji walisita kwa sababu watumiaji walikuwa wachache, na watumiaji wakasita kwa sababu programu walizozizoea hazikuwamo. Januari 2020 usaidizi wa mrithi wake, Windows 10 Mobile, ulikoma, na waliokuwa wamewekeza kazi yao humo ikabidi waanze upya.

Kwa Afrika Mashariki, ushauri wangu ni kuanza na Android. Ndiyo simu walizonazo wateja wengi, tena nyingi zina nafasi ndogo ya kuhifadhi, kwa hiyo programu iwe nyepesi na iendelee kufanya kazi mtandao unapokatika. Akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play ni dola 25, mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na utahitaji kompyuta ya Mac, yako au ya kukodi mtandaoni. Zana za uandishi wa programu kama Flutter na React Native zinakuwezesha kuandika msimbo mmoja kwa mifumo yote miwili, lakini hazikuondolei ada wala ukaguzi wa kila duka.

Jipangie muda pia. Akaunti binafsi za Google Play zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kuijaribisha programu kwa watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanafunzi anayetaka kuzindua mwezi huu awe ameshawapata watu hao.

Kama una kampuni iliyosajiliwa, fungua akaunti kwa jina la kampuni. Utaombwa namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kuitambulisha kampuni, ambayo hutolewa bure. Akaunti ikiwa kwa jina la mfanyakazi, siku akiondoka, programu na wateja wake wote watabaki mikononi mwake.