Kabla ya Kukata Ukingo wa Jicho Zima

Fundi mwashi mmoja kutoka Chamwino alirukiwa na chokaa alipokuwa akiizima kwa maji, na jicho lake la kulia likabaki jeupe kama maziwa. Nilipomweleza kwamba tiba itahitaji kipande kidogo kutoka jicho la kushoto, alinyamaza, kisha akauliza: "Daktari, hili ndilo lililobaki, nalo mnataka kulikata?" Swali hilo ndilo linalonifanya nisikubali jicho lolote likatwe kabla halijapigwa picha.

Ukingo unaotenganisha konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na weupe wa jicho huitwa limbasi, na humo ndimo zinamokaa seli shina zinazozalisha ngozi ya juu ya konea maisha yote. Chokaa ni alkali, hupenya haraka, na ikiziua seli hizo, utando wa weupe wa jicho hutambaa pamoja na mishipa yake ya damu hadi ukaifunika konea. Kumpandikiza mgonjwa wa namna hii konea ya marehemu peke yake hakumsaidii kwa muda mrefu, kwa kuwa ngozi iliyokuja na konea hiyo ikichakaa hakuna kinachozalisha nyingine. Njia iliyoelezwa na Sangwan na wenzake wa Hyderabad, India, mwaka 2012, huchukua kipande cha limbasi cha takribani milimita 2 kwa 2, hukikatakata, kisha vipande hivyo hubandikwa kwa gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu, juu ya utando wa amnioni (utando unaomzunguka mtoto tumboni) uliotandazwa kwenye konea iliyosafishwa.

Kipande ni kidogo, kwa hiyo mahali kinapotoka pana uzito mkubwa. Seli shina hujificha chini ya matuta yaitwayo palisadi za Vogt, ambayo kwa kawaida hujitokeza zaidi upande wa juu na wa chini kuliko pembeni. Katika macho yetu yenye rangi nyingi, hadubini ya kliniki huyaonyesha kama miti ya boma: mistari myeupe iliyosimama, na kahawia katikati yake. Picha za tabaka zinazopigwa kwa mwanga wa infraredi, bila kuligusa jicho, huongeza kina, nasi tukaona matuta yanavyozama. Hadubini ya konfokali hufika hadi kwenye seli zenyewe, ila hugusa jicho lililotiwa ganzi na huona eneo lisilofikia nusu milimita kwa mara moja. Nisisitize kwamba picha hizi hutuonyesha makazi ya seli shina. Hazituonyeshi kwamba seli hii ndiyo seli shina.

Kwa fundi wetu, picha zilifichua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua: matone ya chokaa yalikuwa yamefika jicho la kushoto pia, na matuta ya chini yalikuwa yamefifia. Ya juu, yaliyokingwa na kope, yalikuwa yamesimama vizuri. Nilimwonyesha picha hizo, akazitazama kwa muda, akakubali.

Katika barua ya rufaa niliandika "upande wa juu" kwa maneno na kuchora mshale. Madaktari huutaja ukingo wa jicho kwa tarakimu za saa, na 12 ni juu kabisa. Lakini msaidizi anayeandika kwa masikio ya Kiswahili akisikia "saa kumi na mbili" huiona 6, ambayo iko chini, palepale ambapo jicho la fundi huyu halikuwa na cha kutoa.